Suti moja, misimu minne: kabati la mwanamume wa Nairobi

Kila mwezi wa Juni, mawingu yakishatanda juu ya jiji, wateja huanza kuingia kwenye karakana yangu na picha kwenye simu: koti refu la sufu linalofika magotini, skafu nzito, buti za kupanda kifundo. "Fundi, nishonee hili, baridi inaniua." Baridi hiyo naijua, maana mimi mwenyewe hushika mkasi asubuhi vidole vikiwa vimekufa ganzi. Lakini picha zile zimepigwa Milan au New York mwezi wa Januari. Hapa kwetu koti kama lile utalivaa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne, kisha ulibebe mkononi kutwa nzima.

Nairobi iko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ukaribu wa ikweta unafanya misimu isipishane sana, na mwinuko unafanya usiku uwe na baridi mwaka mzima. Julai, alfajiri hushuka hadi nyuzi 11 au 12 na mchana hufika 22 hivi. Februari, alfajiri ni nyuzi 13 hivi na mchana hupanda hadi 27 au 28. Ukilinganisha utaona kwamba alfajiri ya Julai na ya Februari ni karibu sawa, ilhali ndani ya siku moja ya Februari joto hupanda kwa nyuzi zaidi ya kumi. Kwa hiyo mavazi ya jiji hili yanafuata saa kwanza, ndipo yafuate msimu. Na msimu ukigeuka, kinachobadilika zaidi ni mvua na jua, wala si baridi peke yake.

Ndiyo maana huwaambia wateja wangu wasitafute suti ya baridi na suti ya joto. Tafuta suti moja au mbili za kitambaa sahihi zikutumikie mwaka mzima, kisha pesa iliyobaki iende kwenye viatu, kizibao na vitu vidogo unavyoweza kuvibadilisha kwa bei nafuu.

Kitambaa sahihi ni kipi? Vitambaa vya suti hupimwa kwa gramu za mita moja ya jora. Vya gramu 340 kwenda juu vilifumwa kwa ajili ya nchi zenye theluji. Vya gramu 210 ni vyepesi mno, hukunjamana ukikaa ndani ya matatu kutoka Rongai hadi mjini na havishiki mkato wa pasi. Mimi hukaa kati ya gramu 250 na 290, sufu iliyofumwa wazi kidogo ili ipumue. Watu wengi hushangaa nikiwashauri sufu kwa joto la Februari, lakini nyuzi za sufu hunyonya mvuke wa jasho na kuutoa nje, na ukilitundika koti usiku kucha mikunjo mingi huachia yenyewe. Polista haina uwezo huo.

Msihangaishwe pia na zile namba za Super 100, Super 120, Super 150 zinazopigwa ukingoni mwa kitambaa. Zinaeleza wembamba wa uzi wa sufu, hazielezi uzito wala uimara. Kadiri namba inavyopanda ndivyo kitambaa kinavyokuwa laini, na ndivyo kinavyochakaa haraka kwenye mapaja na makalio. Mtu anayepanda bodaboda kila siku atakuwa salama zaidi na Super 100 kuliko 150.

Ukijinunulia kitambaa mwenyewe Biashara Street au Eastleigh, omba nyuzi mbili tatu kutoka ukingoni uziwashe kwa kiberiti. Sufu hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake husagika vidoleni. Pamba hunuka karatasi. Polista huyeyuka ikawa kishanga kigumu cheusi. Kitambaa kilichochanganywa kitakupa dalili za pande zote mbili, na hapo utajua unalipia nini.

Baada ya kitambaa kuna bitana, kile kitambaa cha ndani ya koti, na hapa ndipo wanaume wengi wa Nairobi wanapopata joto bila kujua linatoka wapi. Sufu nzuri ikiwekewa bitana ya polista ndani, ni sawa na kujifunika nailoni. Kwa koti la mwaka mzima mimi huweka bitana nusu: sehemu ya juu ya mgongo, kifuani, na mikono yote, kwa sababu mkono usio na bitana hung'ang'ania shati. Chini ya mgongo naacha wazi na kumaliza mishono kwa utepe. Bitana yenyewe iwe ya viskosi, kitambaa laini kinachopumua kuliko polista. Kazi hii inaweza kufanywa hata kwenye koti ulilonalo, na kwa maoni yangu hakuna marekebisho mengine ya bei hiyo yenye faida kubwa kuliko haya.

Nalisema hili nikiwafikiria hasa wanunuzi wa mitumba. Kwenye masoko ya Gikomba na Toi kuna makoti ambayo ushonaji wake ungekugharimu pesa nyingi sana ukiagiza mapya, na mimi huwatuma watu huko bila kusita. Ila robota likifunguliwa, mengi ya makoti hayo huwa yalitengenezwa kwa majira ya baridi ya London au Toronto. Ligeuze ndani nje. Soma lebo ya kitambaa. Tazama bitana kwenye makwapa, kwa maana hapo ndipo huoza kwanza. Linyanyue juu uelekeze kwenye mwanga utafute matundu ya nondo. Kisha bana kitambaa cha mbele kwa vidole viwili, chini kidogo ya tundu la kifungo la mwisho, uvute tabaka za nje na ndani zitengane. Ukihisi tabaka ya tatu inateleza katikati, koti hilo lina turubai ya ndani, yaani kitambaa kigumu kinachoshikilia umbo la koti, iliyoshonwa kwa uzi. Usipohisi kitu, tabaka ya ndani imebandikwa kwa gundi. Koti la gundi si baya, lakini likinyeshewa na kupigwa pasi ya moto mara nyingi huanza kutoa malengelenge kifuani, na yakishatokea hakuna fundi wa kuyaondoa. Nunua la gundi kwa bei ya gundi.

Masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, na katika miezi hiyo adui wa mavazi yako yuko chini. Nairobi ina udongo wa aina mbili. Ukikaa Ruaka, Kangemi au upande wa Kikuyu unakanyaga udongo mwekundu. Ukikaa Embakasi, Syokimau au Kitengela ni ule mweusi unaovimba kwa maji na kung'ang'ania soli mpaka mguu unakuwa mzito. Mweusi ukikauka hubanduka. Mwekundu una chuma ndani yake, na doa lake ni la kutu. Kosa ninaloliona kila masika ni mtu kukimbilia jiki. Jiki haiondoi kutu, huikaza, na ikigusa sufu huila. Acha tope likauke kabisa, hata kama ni hadi kesho yake, lipige brashi ngumu kufuata uelekeo wa ufumaji, kisha tumia maji baridi na sabuni kidogo. Kwa suruali nyeupe ya pamba iliyobaki na alama, ndimu na chumvi juani husaidia, halafu suuza vizuri.

Upindo wa suruali nao una la kusema. Mkunjo wa chini, ule wa kugeuzwa nje, ni mzuri machoni lakini masika yote hukusanya mchanga na matope, na mchanga hukata kitambaa kwa ndani. Kwa suruali za kazini nashona upindo mnyoofu unaogusa kiatu bila kulalia. Nikiwa na kitambaa cha kutosha naongeza utepe mgumu kwa ndani, upande wa kisigino.

Kuhusu viatu niseme wazi: soli ya ngozi haifai masika. Inanyonya maji, inateleza kwenye vigae vya majengo ya mjini, na hukauka polepole. Kama kiatu chako ni kizuri, mpelekee fundi wa viatu akibandike soli nyembamba ya mpira juu ya ile ya ngozi kabla mvua haijaanza. Kikilowa, kijaze karatasi za gazeti, zibadilishe baada ya saa chache, na ukiweke ubavu mahali penye hewa. Usikisogeze karibu na jiko wala usikianike juani, maana ngozi ikikaushwa kwa moto hupasuka pale inapojikunja. Siku inayofuata vaa jozi nyingine. Jozi mbili zinazopokezana hudumu zaidi ya mara mbili ya jozi moja inayovaliwa kila siku, kwa sababu jasho na maji vinahitaji siku nzima kutoka. Mkanda wa ngozi wa saa nao uvue masika, uweke wa nailoni au wa chuma.

Juni ikiingia, hali ni ya mawingu, manyunyu na baridi ya ofisini inayotoka sakafuni. Hapa ndipo kizibao kinapofanya kazi yake. Kizibao cha sufu, au sweta isiyo na mikono yenye shingo ya V, hukinga kifua na mgongo huku mikono ikibaki huru, na mchana ukiivua inaingia kwenye mkoba. Soksi za sufu zinazofika karibu na goti zitakusaidia kuliko koti zito, na hazionekani. Kama unatoka nyumbani giza bado, vaa skafu nyembamba na boshori, uvivue ukifika. Tai za hariri zinazong'aa huonekana baridi chini ya mwanga wa Julai. Msimu huu mimi hupenda tai ya sufu au ya kufumwa, rangi ya damu ya mzee au kijani cha chupa, juu ya suti ya kijivu. Kodroi na flaneli pia zina nafasi yake kwa suruali za Jumamosi, na huu ndio wakati pekee wa kuzivaa bila kutaabika.

Msimu huohuo ndio wa ukungu unaoota kwenye nguo na viatu. Kabati lililoegemezwa kwenye ukuta wa nje wa nyumba hupata unyevu, na viatu na mishipi huota vumbi la kijani. Lisogeze kabati kidogo kutoka ukutani, uache milango wazi mchana, na usirundike viatu ndani ya masanduku yake. Funika suti kwa shuka kuukuu la pamba badala ya nailoni aliyokurudishia dobi. Na kabla ya kuweka nguo ya sufu kwa muda mrefu ifue au uipeleke kwa dobi kwanza: wanaokula kitambaa ni viwavi wa nondo, na hufuata jasho na madoa ya chakula. Vipande vya mtarakwa, mti uleule wa nguzo za ua, vikipigwa msasa kidogo hutoa harufu ambayo nondo hawaipendi. Harufu ikififia, vipige msasa tena.

Kiangazi cha Januari na Februari ni rahisi. Kitani, pamba, rangi ya kaki na samawati, viatu vya ngozi ya kahawia. Kitani kitakunjamana, na anayekasirishwa na mikunjo asikinunue. Suti ya Kaunda ya mikono mifupi imerudi kwa nguvu tangu Rais William Ruto aanze kuivaa, na kwa hali yetu ya hewa naiona kuwa vazi lenye akili: haina tai, haina bitana nzito, na bado ina heshima. Ila ukiwa na shughuli za Bunge kumbuka kwamba Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula aliikataza humo. Jua la miezi hii ni kali kwa sababu ya mwinuko wetu, hivyo nguo nyeusi na za buluu zianikwe zikiwa zimegeuzwa ndani nje, kivulini, la sivyo mabega yatapauka kabla ya sehemu nyingine na hakuna rangi itakayoyarudisha.

Vuli, kuanzia Oktoba, ni masika iliyofupishwa, na ya viatu na upindo niliyoyasema yanarudi vilevile. Tofauti yake ni harusi za Disemba. Bwana harusi huhitaji suti inayostahimili joto la mchana ndani ya hema na manyunyu ya jioni, kwa hiyo gramu 250 hivi, bitana nusu, na kizibao kinachoweza kuvuliwa wakati wa kucheza. Iagize Septemba. Kuanzia katikati ya Novemba mafundi wote wa jiji hili hufanya kazi usiku, na koti linalohitaji kujaribiwa mara mbili tatu halipati muda huo. Jaribio la mwisho liwe wiki mbili kabla ya siku yenyewe, na uje na viatu utakavyovaa, kwa sababu siwezi kupima upindo wa suruali ya harusi ukiwa umevaa raba.