Kabla hujaita semina ya tabianchi, nenda kwanza pwani ukaangalie kazi

Projekti ya uhifadhi ikiingia kijijini swali la kwanza huwa "mnahitaji mafunzo gani?" na majibu unayajua hata kabla hujashuka kwenye gari, ujasiriamali, utunzaji wa mazingira, mabadiliko ya tabianchi. Sio kwamba watu wanadanganya, wameshakaa semina nyingi, wanajua mgeni anapenda kusikia nini na posho nayo ipo, nani akatae? Ndo maana sisi tunaofanya tathmini ya mahitaji ya mafunzo tunasema hilo swali liwe la mwisho, uanze na kazi yenyewe inavyofanyika.

Chukua kilimo cha mwani Zanzibar, kimeanza mwishoni mwa miaka ya 1980 na wakulima wengi ni kina mama. Kuna mwani wa aina ya spinosum na kuna wa aina ya cottonii, cottonii ndo yenye bei nzuri lakini ndo dhaifu, maji madogo yakipata joto sana inapauka, inakatika, inaozea kwenye kamba ilikofungwa. Njia mojawapo ni kuhamia maji marefu kidogo ambako joto halipandi hivyo. Sasa mwite bi mkubwa mmoja umuulize kama anajua tabianchi, atakwambia najua, na kweli anajua, ameiona kwenye kamba zake kabla yako wewe mwenye laptop. Lakini muulize, kule kwenye maji marefu utafikaje? Hapo ndo unasikia kwamba wengi hawajui kuogelea, chombo hawana, na wengine hawajawahi hata kushika pondo. Yani hitaji la kwanza la mafunzo ni kuogelea na usalama baharini, na hilo dodoso lako halikuwa nalo kabisa.

Na hapo kwenye chombo uwe makini, chombo sio mafunzo. Mtu anaweza kushindwa kazi kwa sababu hajui, au anajua ila hana kifaa, au anajua na kifaa anacho ila hana ruhusa ya kuamua, na semina inatibu hilo la kwanza tu. Mikoko inaonyesha hili vizuri sana. Mikoko ni miti ya aina kadhaa, mlilana unaota mbele kabisa unakopigwa na maji, mkoko wenyewe unakuja nyuma yake, mkandaa nyuma zaidi. Projekti nyingi zinapenda kupanda mkoko kwa sababu mbegu zake ndefu ni rahisi kuokota na kuchomeka, zinachomekwa kwenye tope la mbele sehemu ya mlilana, picha zinapigwa, alafu zinakufa. Wavuvi wanaopita pale kila siku walijua zitakufa! Hawakuulizwa, na hata wangeulizwa idadi ya miche ilishaandikwa kwenye mkataba. Sasa hapo wa kupelekwa darasani ni mwanakijiji au ofisa wa projekti? Mi naona ofisa.

Kuna sehemu kweli elimu inakosekana lakini huioni kwa kuuliza. Wenzetu wa Gazi kule Kwale, Kenya, tangu 2013 wanauza kaboni ya mikoko, yani wanalipwa kwa hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko wanayoitunza, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, eneo la hekta 117, na kazi kama hiyo inataka watu wa kupima miti, wa kuelewa mkataba na wa kutunza hesabu ya hela za kijiji. Mhazini wa kamati usimuulize kama anajua mahesabu, atasema ndio, ataachaje mbele za watu. Muombe daftari, kwa heshima, mkiwa wawili. Ukikuta mapato yameandikwa bila tarehe na risiti zimefungwa kwenye mfuko wa rambo basi umeshapata somo la kufundisha, na ni la siku mbili tu, sio wiki nzima hotelini mjini.

Ratiba nayo ni sehemu ya tathmini. Bamvua likiingia kina mama wa pweza wako mwambani, maji yametoka sana na ndo siku zao za kipato, ukiita kikao siku hizo unapata wenyeviti na vijana wa kijiweni. Subiri maji mafu, siku ambazo maji hayatoki sana. Na posho usiitangaze mapema, maana kwenye semina ya mwani utakuta wanaume wamejaa viti vya mbele na mwenye kamba yuko nyumbani anapika, kwaiyo majina ya washiriki yaandikwe kulekule shambani maji yakitoka, sio ofisini.