Mahindi ya mwaka mzima na sala ya leo

Kila mwaka ikifika Julai, mahindi yakishapukuchuliwa, kuna swali linalorudi kwenye darasa letu la Biblia la akina mama hapa Iringa. Safari hii amelileta mama mmoja kutoka upande wa Kilolo, tena kwa uchungu: "Mwalimu, nina mahindi ya kula mpaka mavuno mengine. Nikisali 'Utupe leo riziki yetu', ninaomba nini?"

Swali ni zito. Mvua zetu ni za msimu mmoja: zinaanza Novemba au Desemba, Aprili au Mei zinakata, na ulichovuna ndicho utakachokula hadi mwaka mwingine. Mtu wa huku asipoweka akiba, ikifika Januari watoto wanalala njaa. Halafu anasomewa Kutoka 16: mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, ilishuka asubuhi kwa asubuhi, ikaokotwa pishi moja kwa kila kichwa, na waliobakiza hadi kesho yake waliikuta inanuka na imejaa mabuu. Mama anayakumbuka magunia yake stoo, anajihesabu kuwa mmoja wao.

Mimi nasema hapana, na sababu yangu naitoa kwenye sura hiyo hiyo. Siku ya sita watu waliambiwa waokote maradufu, na ile ya akiba haikuoza. Kisha Musa anamwagiza Haruni atie pishi nzima ya mana chomboni, iwekwe mbele za Bwana kwa ajili ya vizazi vijavyo. Ni mana ile ile! Kwa hiyo kuweka peke yake hakukuwa kosa. Iliyooza ni ile ya watu walioambiwa wasiibakize, wakaibakiza, naamini kwa hofu kwamba kesho Mungu hatatoa tena. Na katika Mwanzo 41 Yusufu anashauri itengwe sehemu ya tano ya mavuno ya Misri kwa miaka 7 ya shibe, na Farao mwenyewe anakiri kwamba Roho ya Mungu imo ndani ya mtu huyu.

Hata tajiri wa Luka 12, yule wa mfano wa Yesu aliyepanga kujenga ghala kubwa zaidi, hashutumiwi kwa sababu shamba lake lilizaa. Msikilize anavyopanga: mavuno yangu, ghala zangu, nafaka yangu, vitu vyangu. Hataji mke, mtoto, kibarua aliyempalilia wala jirani. Anaongea na nafsi yake tu, na usiku ule ule nafsi hiyo inatakwa, anakufa.

Nyumbani kwangu kazi ya kuweka akiba inaanza na chupa tupu ya soda. Inakaushwa juani, natia mahindi kidogo na kijiko cha chumvi kavu, natikisa, naacha kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, yanarudi kwenye turubai. Ikishuka yote chini, tunaanza kujaza ile mifuko isiyopitisha hewa, yenye nailoni mbili ndani na kiroba nje. Baba watoto anashika mdomo wa mfuko, mimi nashindilia kwa ngumi hadi hewa itoke, kisha kila nailoni inasokotwa na kufungwa peke yake. Dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi, waliobaki humo wanaimaliza hewa wenyewe, wanakufa, na hatuhitaji kutia dawa kwenye chakula cha watoto. Tunasali hapo hapo, na vumbi la mahindi likiwa bado mikononi.

Na tunaomba kwa kumaanisha, maana kutoka mfukoni hadi mdomoni bado ni mbali. Panya mmoja akitoboa nailoni, hewa imeingia na kazi yote imeharibika. Anayeumwa tumbo asiweze kumeza tonge anajua kwamba stoo iliyojaa haimlishi mtu. Afya, kuni, amani ya kukaa pamoja na kunawa, vyote vimo kwenye riziki, na hakuna hata kimoja kinachofungwa kwenye mfuko. Hivyo ndivyo nilivyomjibu yule mama: omba kila siku bila aibu, wewe mwenye mahindi unaomba kweli.

Ila Yesu hakutufundisha kuomba "riziki yangu". Kuanzia Januari hadi Machi kuna nyumba zinazosali sala hii hii na debe la mwisho limeshasagwa. Hapo ndipo naukasirikia ule mtindo wa kumpa mtu debe moja Februari ili arudishe mawili Julai. Walawi 25:37 inakataza waziwazi kumpa ndugu aliyepungukiwa chakula kwa kutaka faida, na mkopeshaji kuwa mzee wa kanisa hakubadilishi andiko.

Wengine hunikumbusha Mithali 11:26, inayosema azuiaye nafaka hulaaniwa na watu, wakiuliza kama ni dhambi kusubiri bei. Sioni dhambi kwa mkulima kuyashika magunia yake Julai, wakati dalali anataka kuyachukua kwa bei ya kutupa, ayauze Januari alipe ada. Andiko hilo linamhusu yule aliye na nafaka ya kutosha huku watu wanaoitafuta wako mlangoni, naye anaifungia ili njaa imtajirishe.

Kwetu tumeamua kuhesabu kama walivyohesabu jangwani, kwa vichwa: wangapi wanakula, na kila mmoja anahitaji madebe mangapi hadi mavuno. Hayo yanafungwa kwanza. Ya ada na mbolea yanafuata. Kisha unafungwa mfuko mmoja wa watakaoishiwa, siku ile ile, kabla hatujajua ni nani. Februari ukifunguliwa, hatuuandiki kwenye daftari la madeni, na aliyepewa hadaiwi hata kama Julai atavuna kutuzidi.