Je, wajua kwa nini mvua ikikata mahindi yanakufa ila kishona nguo hakitoweki shambani?

Huku Uganda hasa kusini tuna misimu miwili, Machi hadi Mei halafu Septemba mpaka Novemba au Desemba hivi, ila kuna msimu mvua inanyesha siku chache watu wanakimbilia kupanda afu inakata kabisa. Mahindi yanakauka yote kwa mkupuo. Mvua ikirudi tu unakuta kishona nguo, ile ssere ya Waganda inayoganda kwenye suruali, kimejaa kibao, na chenyewe ni mmea wa msimu tu na kilikauka vilevile!

Siri iko kwenye mbegu. Chuma kichwa kilichokauka ukiangalie vizuri: mbegu za katikati ni ndefu, za pembeni fupi. Zile ndefu zikipata maji zinaota chap, fupi nyingi zinabaki zimelala udongoni zikingoja. Yaani mama mmoja katoa watoto wa haraka na watoto wa kusubiri.

Piga hesabu uone. Mmea una mbegu 100, msimu mzuri kila iliyoota inazaa 10, msimu mbaya inakufa bila kuzaa. Ukiotesha zote unapata 1,000, msimu mbaya ukija unabaki na sifuri, ukoo umeisha. Ukiotesha nusu tu unapata 500 pamoja na zile 50 zilizolala, jumla 550, na msimu mbaya ukija nusu inaota na kufa, bado una 275 (tuseme hakuna zilizooza wala kuliwa na wadudu, japo kiukweli zipo). Mahindi hayana ujanja huo, binadamu tumeyachagua maelfu ya miaka yaote kwa pamoja, akiba yake iko ghalani kwako.

Sasa hali ya hewa ikibadilika mambo hayaendi vile ungedhani. Kwenye jangwa la Sonora, karibu na Tucson huko Marekani, watafiti wanahesabu mimea ya msimu tangu miaka ya 1980. Joto limepanda, lakini mimea iliyoongezeka ni ile inayopenda baridi! Kumbe mvua ya kuotesha mbegu siku hizi inachelewa, inakuja majira ya baridi yakishaingia, kwa hiyo miche inachipuka kukiwa na baridi kuliko zamani, na wanaoiweza hiyo baridi ndo wanatamba.