Presha imeshuka, moyo unadunda ovyo: dawa ipi?

Maambukizi yakifikia sepsisi, yaani mwili unapoyapambana kwa namna inayodhuru viungo vyake wenyewe, mishipa ya damu hulegea, presha ikaporomoka, figo na ubongo vikaanza kukosa damu. Mgonjwa huanzishiwa antibayotiki na dripu. Presha ikigoma kupanda, inaletwa dawa ya kukaza mishipa, inayoingia kwa pampu taratibu huku nesi akitazama monita. Kwa kawaida tunatafuta presha ya wastani (iliyo kati ya namba ya juu na ya chini) isiyopungua 65.

Kazi huwa ngumu moyo nao ukipoteza mpangilio. Mara nyingi vyumba vyake vya juu hutetemeka badala ya kusukuma, na mapigo yanapanda hadi 140 au 150, hayalingani hata mawili. Sasa dawa nyingi za kupandisha presha huuchochea moyo huohuo. Dopamini ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, kwa wagonjwa 1,679 wa shoki (hali ya viungo kukosa damu ya kutosha) huko Ulaya, uliilinganisha na noradrenalini, dawa nyingine ya kukaza mishipa: mapigo yalivurugika kwa asilimia 24 ya waliopewa dopamini, na asilimia 12 ya waliopewa noradrenalini.

Ndiyo maana noradrenalini hutangulia, hata kwa mgonjwa ambaye moyo wake tayari unayumba. Dozi ikizidi kupanda tunaongeza vasopresini, ambayo hukaza mishipa bila kuukimbiza moyo. Inaweza kupunguza damu vidoleni, kwa hiyo vidole vya mikono na miguu hukaguliwa kila mara. Fenilefrini nayo haiharakishi mapigo, ila moyo dhaifu unaweza kuelemewa. Mimi huiweka akiba. Pasipo na noradrenalini, adrenalini au hata dopamini hutumika, jicho likiwa kwenye monita muda wote. Bora hiyo kuliko kuiacha presha chini.

Ndugu huuliza mbona hatuutulizi tu huo moyo. Mara nyingi unakimbia kwa sababu ya homa, upungufu wa maji, au potasiamu na magnesiamu kushuka, na mbio hizo ndizo zinazoshikilia presha. Tukiupunguza kasi kwa pupa, presha inaanguka tena. Tunarekebisha vyanzo kwanza, isipokuwa pale mapigo yenyewe yanapoiangusha presha. Hapo amiodaroni, dawa ya kutuliza mapigo yaliyovurugika, au mshtuko wa umeme hausubiri.

Mkimleta mgonjwa, njooni na vidonge vyake vyote vya presha na vya moyo, mumkabidhi daktari. Msimpe hata kimoja kitandani: vile vya presha huishusha zaidi.