Mbegu za mikunde huvuja nini zinapofyonza maji?

Harage la mbegu lililokaushwa vizuri huwa na unyevu wa asilimia 10 hadi 13. Katika ukavu huo, tando za seli zake, yaani ngozi nyembamba zinazozunguka kila seli, zimenywea na haziwezi kuzuia kitu. Maji yakiingia, tando huanza kujipanga upya, lakini kabla hazijakaa sawa, sukari, asidi amino na potasiamu hutoka nje. Huko ndiko kuvuja kwa virutubisho. Hata mbegu nzima kabisa huvuja kidogo, kwa kasi zaidi dakika za mwanzo, kisha hupungua tando zinapojifunga.

Kinachotofautisha mbegu nzuri na mbovu ni kiasi kinachotoka. Ganda zima huingiza maji polepole. Likiwa na ufa, hata usioonekana kwa urahisi, maji huingia kwa kishindo na kuua seli za nje za kotiledoni, yale mapande mawili yanayohifadhi chakula cha mche. Seli iliyokufa haijifungi tena, nayo huendelea kuvuja. Nyufa nyingi hutokana na kupura kwa fimbo maharage yaliyokauka mno, au kubwaga magunia. Matundu ya wadudu nayo hupitisha maji. Mbegu iliyokaa ghalani kwenye joto na unyevunyevu huvuja hata ganda likiwa zima, kwa kuwa tando zenyewe zimechakaa. Maharage meupe mara nyingi hufyonza haraka kuliko ya rangi, kwa hiyo yanahitaji uangalifu zaidi.

Hasara ni mbili: mche hupoteza akiba yake, na sukari iliyomwagika udongoni huita vimelea wa udongoni kama Pythium, anayefanana na kuvu, wanaoozesha mbegu kabla haijachomoza. Ndiyo maana mbegu inaweza kuota vizuri kwenye karatasi yenye unyevu, kisha ikakuacha na mapengo shambani, hasa udongo ukiwa wa baridi na umejaa maji.

Maabara hupima uvujaji huu kwa umeme, kwa sababu chumvi zilizotoka huyafanya maji yapitishe umeme zaidi. Kwa njegere huchukuliwa mafungu manne ya mbegu 50, kila fungu hupimwa uzito na kulowekwa katika mililita 250 za maji yasiyo na chumvi, kwa nyuzi 20 za Selsiasi, saa 24. Kisha hupimwa jinsi maji yanavyopitisha umeme, kipimo cha maji matupu yasiyolowekwa mbegu huondolewa, na kinachobaki hugawanywa kwa uzito wa mbegu. Chini ya mikrosimensi (kizio cha upitishaji umeme) 25 kwa sentimita kwa gramu, mbegu inafaa hata kwa kupanda mapema kwenye baridi. Zaidi ya 43, haifai kupandwa. Viwango hivi ni vya njegere, usivihamishie kwenye maharage au soya. Wala usihukumu kwa macho: maharage mekundu huchafua maji kwa rangi ya ganda tu.

Shambani, usiloweke maharage ya mbegu usiku kucha kwenye ndoo. Yenye nyufa huharibika zaidi, na hata mazima hukosa hewa. Panda kina cha sentimita 3 hadi 5 kwenye udongo wenye unyevu usiotuamisha maji. Dawa ya kuvu huilinda mbegu dhidi ya kuoza, ila haizuii kuvuja. Kazi hiyo huanzia kwenye mavuno: pura kabla maharage hayajakauka kabisa, kisha malizia kuyaanika yakiwa yamepurwa, na ondoa yote yenye ganda lililochanika.