Ile treni si mwanzo wa mapenzi

Tulipoitazama Eternal Sunshine of the Spotless Mind hapa Arua, Uganda, jirani yangu alishikilia kwamba wapenzi wa filamu hiyo, Joel na Clementine, wanakutana mara ya kwanza kwenye treni ya kutoka Montauk, mji wa ufukweni. Wengi huamini hivyo, na siwalaumu: filamu hii ya mwaka 2004, iliyoongozwa na Michel Gondry, inataka uamini hivyo.

Lakini ule ni mwisho uliowekwa mbele. Wakati huo wawili hao walishapendana, wakaachana, na kila mmoja akamfuta mwenzake akilini kwa kulipa kampuni iitwayo Lacuna. Majina ya waigizaji hujitokeza baada ya zaidi ya robo saa, na hapo ndipo hadithi inaporudi nyuma.

Angalia nywele za Clementine. Ufukweni, walipoonana kwa mara ya kwanza kabisa, ni za kijani. Katika mapenzi yao zinakuwa nyekundu, kisha rangi ya chungwa. Kwenye treni ni za buluu, za baada ya kuachana. Halafu kuna daftari la Joel: anashangaa kurasa zimechanwa na hakumbuki kuzichana. (Mimi hilo lilinipita mara mbili.)

Kwenye kibanda cha video, VJ (mtu anayetafsiri filamu kwa sauti) akikutafsiria huku akitia utani wake, ishara kama hizi hupotea upesi. Jirani ameomba tuiwashe tena. Safari hii anahesabu nywele tu.