Alfa Wako ni Baba wa Watoto Tu

Tangu mwaka huu uanze nimehariri miswada minne ya riwaya za mapenzi za vijana zenye watu wanaogeuka mbwamwitu, na yote minne ina sura ileile. Alfa kijana, yaani mbabe anayetaka kuongoza kundi, anaingia uwanjani usiku, anamrarua alfa mzee, kundi zima linainamisha shingo, na msichana pembeni miguu inamlegea. Nikiuliza kwa nini lazima wapigane, najibiwa: "Dada, si ndivyo mbwamwitu walivyo? Hiyo ni sayansi."

Haya, tuiseme hiyo sayansi. Mwaka 1947 mtafiti aitwaye Schenkel alichapisha aliyoyaona kwa mbwamwitu waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Wamekusanywa pamoja, hawana pa kukimbilia, wakagombana, mbabe akawa juu. Ni sawa na mtu awachunguze mahabusu wa selo moja kisha aandike kitabu juu ya maisha ya ndoa. Mtafiti Mmarekani L. David Mech akalibeba wazo la alfa katika kitabu chake cha 1970, nacho kikasomwa mno. Kisha Mech huyohuyo, kuanzia 1986, akawa anakwenda kila kiangazi kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, kukaa karibu na kundi la porini. Akakuta baba, mama, watoto wa mwaka ule na wakubwa zao. Mwaka 1999 akaandika makala ya kulisahihisha jambo hilo, na baadaye akambembeleza mchapishaji aache kukichapa kitabu chake mwenyewe. Kiliachwa kuchapwa 2022.

Kwa hiyo alfa wa porini kwa kawaida hakupata cheo kwa kumpiga mtu. Alizaa. Watoto humfuata kama wewe ulivyomfuata mama yako sokoni. Luna, yule mke wa alfa katika riwaya zenu, ni mama mwenye nyumba, na yule beta, msaidizi wake mwaminifu unayempenda sana, pengine ni kaka mkubwa anayesaidia kulea wadogo zake. Ukimpa mhusika wako nafasi ya "kumwangusha alfa", jua unamtuma akampige baba yake.

Damu ipo, sikatai. Mbwamwitu huuana, lakini zaidi ni familia na familia jirani kugombea eneo. Hilo liandike hadi uchoke.

Kinachoniuma ni kwamba mnaitupa hadithi nzuri zaidi. Mbwamwitu akifika mwaka mmoja hadi mitatu hivi, wengi wao huondoka kwao. Anatembea peke yake, wakati mwingine mamia ya kilomita, akipita maeneo ya makundi yasiyomtaka, hadi akutane na mwingine aliyeondoka kwao vilevile. Wakielewana, wawili hao ndio kundi jipya. Riwaya ya vijana inataka nini tena? Ushauri wangu, na wanaonijua wameuchoka: kabla hujamwandika alfa, mwandike mama yake, na siku aliyomuaga. Ukishindwa kuiandika sura hiyo, huyo alfa bado humjui.

Na tafadhali, nazungumzia mbwamwitu wa kijivu wa Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini. Yule wetu wa Selous mwenye madoa na masikio ya duara ni mnyama mwingine, ingawa wataalamu wamempa jina la Lycaon, ambalo kila msomaji wa visa vya Kigiriki atalihusisha na mfalme aliyegeuzwa mbwamwitu na Zeus.

Mengine ninayoambiwa, kwa kifupi.

"Hadithi hizi zilianza 2005." Mshairi Marie de France aliandika katika karne ya 12 habari za Bisclavret, kabaila anayegeuka mbwamwitu siku tatu kila wiki. Mkewe anaamuru nguo zake ziibwe asiweze kurudi kuwa mtu. Mume huyo baadaye anamng'oa mkewe pua kwa meno. Tena wale mbwamwitu wenu wa 2005, wa riwaya za Twilight, kitabu cha nne cha mfululizo huo kinasema wazi kwamba si mbwamwitu-watu wa mwezi mpevu, ni watu wa kujibadilisha maumbo.

"Wanaoana mara moja tu maishani." Mara nyingi hukaa pamoja hadi mmoja afe. Akifa, aliyebaki hutafuta mwingine, wala haliimbiwi.

"Bila mwezi mpevu hageuki." Kanuni hiyo imeenezwa zaidi na sinema za Hollywood za miaka ya 1940. Peter Stumpp, aliyeuawa karibu na Cologne, Ujerumani, mwaka 1589 kwa tuhuma za kugeuka mbwamwitu, alidaiwa kutumia mkanda aliopewa na shetani. Kwa Petronius, mwandishi wa Roma ya kale, mwezi upo, unang'aa kama mchana, ila kinachofanyika chini yake ni hiki: askari anavua nguo, anazizungushia mkojo, anageuka, na nguo zinakuwa jiwe. Hilo sijaliona bado katika mswada wowote.